Jibu: Waya wa chaja au seva, wapi gridi ya umeme inaweza kuyumbishwa?

Ndugu yangu, umeuliza kama utafiti wako wa shahada kuhusu usalama wa chaja za magari ya umeme ujikite kwenye waya au kwenye seva, yaani kompyuta inayoziongoza kutoka mbali. Mimi ningeenda kwenye seva.

Kweli, waya una udhaifu wake. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford na Armasuisse, idara ya Uswisi ya ununuzi wa vifaa vya ulinzi, walionyesha shambulio waliloliita Brokenwire: mawimbi ya redio yenye nguvu isiyofika wati 1 yalikatiza mawasiliano kati ya gari na chaja ya haraka ya CCS (aina mojawapo ya mfumo wa kuchaji haraka), hata kutoka mita 47. Kuchaji kunakoma, dereva anaanza upya. Kwa gari la wagonjwa hilo ni jambo zito, ila gridi yenyewe haitikisiki sana.

Sasa piga hesabu ya seva, inayoweza kuamuru chaja nyingi kwa pamoja. Chaja 10,000 za nyumbani, kila moja kilowati 7, zikiwashwa sekunde ileile ni megawati 70 zinazodaiwa ghafla. Ndiyo maana kanuni za Uingereza za 2021 zinataka chaja mahiri isubiri kwa muda uliochaguliwa kwa nasibu, kwa kawaida hadi dakika 10, ili mzigo usipande wote kwa mkupuo. Naipenda sana kinga hii, ni rahisi na ina akili. Lakini kwa kanuni hizohizo, kikomo hicho lazima kiweze kuongezwa kutoka mbali hadi dakika 30. Je, aliyeiteka seva anaweza kukishusha hadi sifuri? Ningeanzia hapo, kwa chaja moja halisi mezani.