Minara Iliyochorwa Kabla ya Kujengwa

SWALI: Marehemu mjomba wangu aliniachia chapa, yaani picha ya zamani iliyochapwa karatasini, ya Kanisa Kuu la Köln, Ujerumani. Chini yake pameandikwa mwaka 1827, na minara yote miwili inaonekana imekamilika hadi nchani. Lakini nimesoma kwamba kanisa hilo lilimalizika mwaka 1880. Muuza picha mmoja ameniambia chapa hii ni ya kughushi. Mwingine anasema minara ya kwanza ilianguka, ikajengwa upya. Nimwamini nani?

JIBU: Usimwamini hata mmoja. Maswali ya namna hii hunifikia mara kwa mara, na kosa huwa ni lilelile: mtu huitazama chapa ya karne ya 19 kana kwamba imepigwa na kamera, akadhani mchoraji alisimama mtaani akanakili alichokiona. Aliyechora chapa yako hakuiona minara hiyo, kwa sababu haikuwapo. Mwaka 1827 mnara wa kusini ulikuwa umeishia chini ya mita 60, na juu yake ilisimama kreni ya mbao iliyoachwa pale tangu ujenzi ulipokwama katika karne ya 16, wala haikushushwa hadi mwaka 1868. Mnara wa kaskazini ulikuwa haujainuka sana kutoka ardhini. Minara tunayoijua leo ina urefu wa mita 157.

Hata hivyo, mchoraji hakuitoa kichwani mwake. Mchoro wa Zama za Kati wa uso wa magharibi wa kanisa hilo, uliochorwa juu ya ngozi yenye urefu wa takriban mita 4, ulikuwa umepotea. Nusu yake ilipatikana Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1814, na nusu ya pili Paris mwaka 1816. Sulpiz Boisserée, mkusanyaji wa sanaa wa Köln aliyeipata nusu hiyo ya pili, alichapisha katika miaka ya 1820 michoro mikubwa iliyolionyesha kanisa likiwa kamili, akikusudia kuwashawishi Wajerumani walimalizie, na kweli mwaka 1842 kazi ilianza tena. Chapa za aina hii zilikuwa ombi lililowekwa mbele ya macho ya watu wenye fedha na mamlaka.

Chukua kioo cha kukuzia uthibitishe mwenyewe. Ikiwa mistari ya minara inapanda wima bila kukaribiana, na sakafu za juu zinaonekana kwa usawa uleule wa macho kama milango, basi huo ni mchoro wa vipimo, kwa maana hakuna mtu aliyesimama chini anayeweza kuliona jengo hivyo. Kisha tazama vivuli. Kwa desturi ya wasanifu, mwanga hushuka kutoka juu kushoto kwa nyuzi 45. Lakini anayeutazama uso wa magharibi ana kaskazini mkono wake wa kushoto, na jua la Köln, hata jioni ya majira ya joto linapofika kaskazini-magharibi, halikai juu kiasi hicho; basi vivuli vya namna hiyo ni vya desturi ya mchoro, si vya jua. Ukiona pia uwanja mtupu mbele ya milango, kumbuka kwamba wakati huo nyumba zilikuwa zimelibana kanisa.

Ndiyo maana nakosa subira na hao wanaojiita wathamini, wanaotumiwa picha moja kwa simu wakajibu papo hapo kwamba chapa ni halisi au ni feki kwa kuulinganisha mchoro na jengo la leo. Kwa kipimo chao, chapa ya Kanisa Kuu la Notre-Dame la Paris ya mwaka 1840 isiyo na mnara mwembamba wa katikati ya paa ingetupwa kama kazi ya mchoraji mzembe, ilhali mnara wa kale uliondolewa mwishoni mwa karne ya 18, na ule wa msanifu Viollet-le-Duc ukakamilika mwaka 1859.

Uhalisi hutafutwa katika karatasi na wino: alama ya bamba iliyozama kuzunguka mchoro, kama ni chapa ya bamba la chuma au shaba, na mistari iliyochongwa badala ya vitone vya mashine vilivyopangwa sawasawa. Tafuta pia majina madogo chini ya mchoro, ambapo kwa kawaida mchoraji huwa kushoto na mchongaji kulia. Kwa hiyo, fundi wa fremu akikushauri akate pambizo ili chapa iingie kwenye kioo, au aisafishe kwa klorini ing'ae, mnyang'anye chapa yako uondoke.