Wadogo zangu, someni namba ya plagi kabla hamjaifunga

Jana nimemkuta kijana wetu anatoa plagi mpya za cheche kwenye boksi na kuzifunga moja kwa moja kwenye V6, injini ya silinda sita ya boti ya mashindano. Fila, kile kipimo cha gepu (nafasi ambamo cheche inaruka kati ya ncha ya kati na ulimi wa pembeni), iko mfukoni mwake. Namuuliza gepu ngapi, ananijibu, "Kaka, hizi zinatoka kiwandani zimeshapimwa." Tukazitoa zote sita. Boksi limeandikwa 1.0 mm, moja ilikuwa 0.8, nyingine 1.1. Boksi lilidondoka mahali, ulimi ukapinda, basi. Nimeona niandike.

1. Pima kila plagi, kila mara. Unaporekebisha, gusa ulimi wa pembeni tu. Ukibinya ncha ya kati, hasa ya iridiamu, plagi hiyo imekwisha. Injini iliyoongezwa kompresheni inadai volti nyingi zaidi kurusha cheche kwenye gepu lile lile, kwa hiyo ikimisi (cheche ikikosa kuwasha) kwenye resi ya juu, jaribu 0.9 kabla hujasingizia koili.

2. Joto la plagi. Hapa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoumia.

Boti ya mashindano haina mteremko wa kupumzikia wala gia ya kubadilisha. Ukifungua mafuta yote, injini inabeba mzigo mzito mwanzo hadi mwisho, kama lori linalopanda mlima usioisha. Ndiyo maana tunatafuta plagi ya baridi, inayopeleka joto haraka kwenye kichwa cha silinda. Mimi nilikulia kwenye plagi za kampuni ya NGK, ambako namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi: 8 ni baridi kuliko 7. Siku moja kabla ya mbio, injini ya tustroki ya hosipawa 200 mbele yangu, NGK hazikupatikana, zikapatikana Champion. Nikachagua yenye namba kubwa na moyo wangu ukatulia. Kwa Champion namba inakwenda kinyume. Kubwa ndiyo ya moto. Bosch nao ni hivyo hivyo.

Mizunguko miwili ya kwanza injini iliimba. Wa tatu, katikati ya mnyoosho, boti ikapoteza kasi kana kwamba imeshikwa na kamba kwa nyuma, na moshi. Ilivyovutwa hadi nchi kavu nikatoa plagi ya silinda ya pili. Kauri nyeupe kama chaki, ulimi umeliwa wote, na juu yake vitone vidogo vya kung'aa. Ilikuwa alumini ya pistoni. Nikamulika tochi kwenye tundu la plagi, nikaona shimo la ukubwa wa punje ya haragwe. Ncha ikipita kama nyuzijoto 850, inawasha mchanganyiko kabla ya cheche, na pistoni inapigwa ikiwa bado inapanda. Mwenye boti hakunifokea. Aliuliza tu, "Fundi, zile za zamani zilikuwa na tatizo gani?" Hazikuwa na tatizo lolote. Swali lile bado linaniamsha usiku.

Basi ukibadilisha kampuni, tafuta jedwali la ulinganisho na usome mstari mzima. Na msikimbilie baridi kupita kiasi: ncha isipofika nyuzi 450 au 500 hivi haijisafishi, na boti inayotambaa muda mrefu itazilowesha plagi kwa oili.

3. Plagi iliyorudi taratibu hadi gatini haikwambii kitu kuhusu resi ya juu. Kimbiza mafuta yote, zima hapo hapo, toa, soma. Rangi ya kahawia hafifu ni njema. Vitone vya kung'aa: usiwashe tena, niite.

4. Urefu wa uzi: kwa NGK za kawaida, herufi H kwenye namba ya plagi ni 12.7 mm, E ni 19. E kwenye kichwa cha H inaweza kugonga pistoni. Herufi R ni ya rezista, inayopunguza kelele za umeme wa cheche; msifunge plagi isiyo nayo, vifaa vya umeme vya boti vinaitegemea. Plagi mpya yenye washa (pete ya kuziba) ifunge kwa mkono hadi iguse, kisha nusu mzunguko hadi theluthi mbili. Kwa injini za E-TEC za Evinrude, fuateni pia alama ya mwelekeo wa ulimi.

5. Mkizitoa, zipangeni kwenye ubao kwa namba za silinda. Nikikuta lundo mezani tena, mtairudisha boti majini na kupima upya, hata kama jua limezama.