Hotuba ya Boudica si ya Boudica

Mleta mada, ifute hiyo aya ya kwanza kabla hujasoma majibu ya wengine. Umesema kwamba wasilisho lako la dakika kumi kuhusu waasi waliopigana na Warumi litaanza na "maneno halisi ya Malkia Boudica", kisha ukauliza nani afuate kati ya Spartacus, mtumwa aliyeongoza uasi Italia, na Jugurtha, mfalme wa Numidia huko Afrika Kaskazini, na picha zao utazipata wapi. Mimi nilianza na maneno hayo hayo, kwa sauti ya kutikisa madirisha, mpaka mzee mmoja wa mstari wa mbele aliponyoosha mkono na kuuliza ni nani aliyekuwa pale akiandika. Muda uliobaki niliutumia kunywa maji, na maji yenyewe yalikuwa mazuri sana.

Aliyeniponza ni msimulizi wa video moja aliyeisoma hotuba ile huku ngoma zikilia, kana kwamba ilirekodiwa kwa simu, asitaje hata mara moja alikoitoa. Watu wa namna hii wananiudhi hadi leo, maana chanzo kinajulikana, na kukitaja kungemgharimu sentensi moja tu.

Chanzo ni Tacitus, seneta wa Kirumi. Boudica aliwaongoza Waiceni, kabila la Britannia (Uingereza ya leo), kuasi mwaka 60 au 61 BK, baada ya mumewe Prasutagus kufariki na maofisa wa Kirumi kupora mali yake, kumchapa mjane viboko na kuwabaka binti zake. Wakati huo Tacitus alikuwa mtoto mdogo, na habari hizi aliziandika nusu karne hivi baadaye. Ni kweli kwamba baba mkwe wake, Agricola, alitumikia ujanani chini ya Suetonius Paulinus, gavana aliyeuzima uasi huo, kwa hiyo mwenendo wa vita angeweza kusimuliwa nyumbani. Lakini yale ambayo malkia aliwaambia watu wake akiwa juu ya gari la farasi, binti zake wakiwa mbele yake, ni utunzi wa mwandishi, kama ilivyokuwa desturi ya wanahistoria wa zama hizo. Cassius Dio, mwanahistoria mwingine wa Kirumi aliyeandika zaidi ya miaka 100 baada ya vita, anampa hotuba nyingine kabisa, tena ndefu, na mwishoni anamfanya amtoe sungura kwenye vazi lake na kumwachia akimbie ili kupiga ramli. Hata kifo chake hawakubaliani: Tacitus anasema alikunywa sumu, Dio anasema aliugua. Wewe utayaitaje hayo maneno halisi?

Kabla ya kumnukuu adui yeyote wa Roma, uliza kalamu ilikuwa mkononi mwa nani. Calgacus, kiongozi wa Kaledonia (Scotland ya leo), ambaye kila mtu mtandaoni anamnukuu juu ya Warumi kuleta jangwa na kuliita amani, hajulikani popote nje ya maandishi ya Tacitus huyo huyo. Jugurtha tunasimuliwa zaidi na Sallust, mwandishi wa Kirumi aliyekuwa gavana wa Africa Nova, jimbo lililotokana na Numidia, na kutuhumiwa kuwapora watu wa jimbo hilo; shahidi mwema kweli kweli.

Ukitaka sauti ya mwasi mwenyewe, nenda kwa Simon bar Kosiba, maarufu kama Bar Kokhba, aliyeongoza uasi wa Wayahudi huko Yudea mwaka 132 hadi 135 BK. Barua zilizotoka kwake zilipatikana kwenye mapango ya jangwa la Yudea katika miaka ya 1950 na 1960. Katika mojawapo anamtishia kamanda wake mwenyewe kwamba atamtia pingu miguuni. Katika nyingine, vita vikiendelea, anatuma punda wawili wakalete matawi ya mitende na matunda ya etrogi (jamii ya limau) ya sikukuu ya vibanda ya Wayahudi. Hiyo ya punda isome yote mbele ya wasikilizaji. Haimalizi hata dakika moja.