Injini inagonga, yadi inakataa dhamana

SWALI: Mhariri, nilinunua gari lililotumika katika yadi moja ya Kinondoni, kwa dhamana ya maandishi ya miezi 3. Mwezi wa pili injini imeanza kugonga, na muuzaji anadai ni uchakavu wa kawaida. Nifanye nini?
Msomaji, Tabata

JIBU: Ndugu msomaji, usiliendeshe tena. Pima oili. Mlio mzito unaoongezeka unapokanyaga mafuta mara nyingi hutoka kwenye beringi za konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki), ambazo zikisagika huharibu kranki, yaani mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini. Tafadhali sana, fundi wako asifungue injini kabla hujaiarifu yadi kwa barua, kwa kuwa ufunguzi huo huwapa wauzaji kisingizio cha kukataa dhamana. Isome dhamana uone kama inataja injini. Wakikaidi, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), chombo cha serikali kinacholinda walaji.