Kabla hujagonga mlango wa kwanza: kwa wanaoanza kuuza nyumba kwa nyumba Marekani

Vijana wetu wengi waliotua Marekani juzijuzi huishia kwenye kazi ya kuuza mlangoni: dawa za wadudu, umeme wa jua, intaneti, kengele za ulinzi. Ni kazi isiyouliza uzoefu wala cheti. Mafunzo yake ni ya maneno tu, yaani useme nini mlango ukifunguka na ujibu nini mtu akikataa. Ukiuliza habari za sheria unaambiwa, "Kampuni imeshughulikia." Usikubali mpaka uone karatasi.

Kibali cha kuuza mlangoni hutolewa na mji, na mara nyingi hutoka kwa jina la yule anayegonga. Kampuni inaweza kuwa na leseni zote za jimbo, lakini kama wewe huna kadi yako shingoni, anayeandikiwa kosa na polisi ni wewe, na meneja yuko zake ndani ya gari mtaa wa tatu. Kwa mgeni jambo hilo haliishii kwenye faini. Fomu N-400 ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa kosa na polisi, na utajikuta unaeleza kosa ambalo kamisheni yake uliimaliza zamani.

Shida ni kujua uko mji gani. Hapa Columbus, Ohio, majirani zetu Dublin, Hilliard, Westerville na Upper Arlington ni miji kamili, kila mmoja na baraza lake na sheria zake. Ukivuka barabara tu umeshatoka kwenye kibali chako. Anwani ya posta haikusaidii: nyumba nyingi za Upper Arlington barua zake huandikwa Columbus. Fungua ramani ya mipaka kwenye tovuti ya kaunti, kisha pigia simu ofisi ya karani wa mji, au polisi, maana kuna miji ambayo polisi ndio wanaotoa kadi. Uliza ada, uliza kinachukua siku ngapi (wengine wanataka picha, alama za vidole na kuchunguzwa kama una rekodi ya uhalifu), uliza saa za mwisho kugonga, na kama wana orodha ya nyumba zisizotaka kugongewa. Kama jibu ni siku kumi, basi ni siku kumi. Meneja anayekwambia uanze leo huku kibali kinashughulikiwa, anakutuma wewe ukalipie haraka yake.

Ukali huu una historia. Mwaka 1931 mji wa Green River, Wyoming, ulipiga marufuku wachuuzi kugonga nyumba ambayo hawakuitwa. Ulikuwa mji wa reli. Watu walifanya kazi usiku wakalala mchana, na wachuuzi wakawa wanawaamsha. Miji mingine ikaiga, na mpaka leo sheria za aina hiyo huitwa kwa jina la Green River. Mwuzaji mmoja wa usajili wa majarida alikamatwa Alexandria, Louisiana, akapeleka shauri mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1951 mahakama ikaupa mji ushindi.

Ila dini na siasa zina njia yake. Mwaka 1943, katika kesi iliyotoka Struthers, Ohio, mahakama hiyohiyo ilisema mji hauwezi kumzuia Shahidi wa Yehova kugonga milango ili kugawa matangazo ya mkutano wa dini. Mwaka 2002, kwa kura nane dhidi ya moja, ikakataa kijiji cha Stratton, Ohio hiyohiyo, kuwalazimisha wahubiri na watu wa kampeni kuchukua kibali kwanza. Kwa hiyo ukiwaona wanapita bila kadi, usimwambie polisi, "Mbona wale?" Wale hawauzi kitu. Wanaochangisha fedha za misaada nao wana mambo yao: majimbo mengi yanataka shirika lisajiliwe kwanza.

Kibao cha No Soliciting (yaani hatutaki wauzaji) kikiwa mlangoni, pita. Utafundishwa kusema kwamba wewe huuzi, unatoa taarifa tu. Mwenye nyumba amelisikia hilo mara nyingi kuliko wewe, na katika miji mingi kugonga penye kibao ni kosa hata ukiwa na kadi. Majengo ya apatimenti ni mali ya mtu, anzia ofisini kwao. Na kipeperushi usikitie kwenye sanduku la barua. Sheria ya shirikisho inakataza kuweka humo tangazo lisilolipiwa stempu. Kining'inize kwenye kitasa.

Kuhusu saa, mji mmoja utakuruhusu mpaka saa tatu usiku, mwingine mpaka jua lizame. Mimi nasema giza likiingia rudi, hata kama kibali kinaruhusu. Karibu kila mlango siku hizi una kamera, na sisi ngozi yetu huonekana kwenye kamera kabla ya kadi. Polisi akiitwa, simama, mikono ionekane, mwonyeshe kadi ilipo, usibishane sheria barazani kwa mtu.

Malipo kwa kifupi: ukilipwa kwa fomu 1099, yaani kama mtu aliyejiajiri na si mwajiriwa, hakuna anayekukatia kodi, na kodi ya kujiajiri peke yake ni asilimia 15.3. Weka pembeni tangu hundi ya kwanza.

Sasa mkataba. Ukiuza kitu cha dola 25 au zaidi nyumbani kwa mtu, kanuni ya Tume ya Biashara ya shirikisho inampa mnunuzi siku tatu za kazi kughairi bila kutoa sababu. Jumamosi inahesabiwa, Jumapili na sikukuu za kitaifa hazihesabiwi. Lazima umwambie kwa mdomo, umwachie na nakala mbili za fomu ya kughairi, na akighairi arudishiwe fedha ndani ya siku kumi za kazi. Bima na nyumba zimeachwa nje ya kanuni hii, lakini kengele za ulinzi zimo. Wanaoanza hulisema hili kwa kunong'ona wakihofia kupoteza mauzo. Liseme kwa sauti. Anayeghairi siku ya pili huwa alishakata shauri ulipokuwa bado unatoka mlangoni.

Kanuni hiyohiyo inataka mkataba uwe katika lugha mliyozungumza. Hapo ndipo tunapohusika sisi, kwa sababu kampuni hutuajiri ili tuingie kwa watu wetu. Ukikaa kwenye kochi la mama aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ukamweleza kwa Kiswahili mkataba wa miaka mitano, karatasi anayosaini nayo inatakiwa iwe ya Kiswahili. Kampuni itakuwa nayo ya Kiingereza, labda na Kihispania. Meneja atasema mtoto wake anayesoma shule atamsomea. Kataa. Dai tafsiri ya maandishi, na ya fomu ya kughairi pia, kabla hujapangiwa mtaa huo. Wakiikosa, omba mtaa mwingine, hata kama unajua yule mama angesaini.