Hela za tabianchi: mlango wa mtu wa mwaloni uko wapi?

Tangu mvua zianze, ujumbe ninaoletewa ni wa jambo moja: fedha za mabadiliko ya tabianchi ziko wapi, na mtu wa kawaida wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, anazipataje. Nimechagua maswali machache, nimeyafupisha, majina nimeyaondoa.

Shikamoo. Tuko akina mama kumi na nane, tunaanika dagaa Igombe, hapa Mwanza. Mvua siku hizi haina miadi, mzigo unaoza mchangani. Redioni tumesikia kuna Mfuko wa Kijani wenye mabilioni. Tunaombaje?

Marahaba, mama. Mfuko upo kweli, makao yake ni Songdo, Korea Kusini, na hela zake zimeshafika kanda hii. Mradi wa kupeleka maji ya Ziwa Victoria mkoani Simiyu, uliopitishwa mwaka 2017, ulitengewa na mfuko huo zaidi ya yuro milioni 100 kupitia KfW, benki ya maendeleo ya Ujerumani. Hapo ndipo penye shida. Mradi ambao wao wanauhesabu kuwa mdogo kabisa ni ule usiozidi dola milioni 10, na barua ya kikundi hawaipokei. Wanasikiliza taasisi walizozithibitisha wenyewe. Hapa nchini benki ya CRDB ilithibitishwa mwaka 2019. Kuuomba mfuko ule hela ya chanja za kuanikia dagaa ni kukodi meli nzima kwenda Ukara kununua chumvi.

Mlango wenu ni Programu ya Ruzuku Ndogo ya GEF, Mfuko wa Mazingira wa Dunia, inayoendeshwa chini ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ofisi Dar es Salaam. Hii inatoa moja kwa moja kwa vikundi na asasi za kiraia, na kwa miaka mingi kiwango cha juu kilikuwa dola 50,000 kwa mradi. Ni ruzuku, hairudishwi. Haiko wazi mwaka mzima; wanatangaza, dirisha linafunguliwa, linafungwa. Anayeanza kuandika siku tangazo linapotoka ameshachelewa.

Kwa hiyo anzeni leo, na msianze na andiko la mradi. Nunueni kaunta buku. Kila giza la mwezi, dagaa wanaposhuka, mmoja wenu aandike: ndoo ngapi tumeanika, mvua imepiga saa ngapi, ndoo ngapi zimeharibika, zilizoharibika tumewauzia watu wa chakula cha kuku kwa bei gani, na dagaa safi siku hiyo walikuwa bei gani. Mstari mmoja kwa siku, hata wa penseli. Baada ya miezi minne mtakuwa na kitu ambacho mtaalamu wa Dar mwenye kompyuta hana. Sentensi ya “mabadiliko ya tabianchi yametuathiri sana” iko kwenye kila andiko na haimshtui mtu. Lakini mkisema “mwezi huu tumeanika ndoo 310, mvua imekula 94”, msomaji ataweka chai chini. Halafu hesabuni chanja za juu zenye paa la nailoni linalopitisha mwanga: mirunda mingapi, wavu mita ngapi, misumari kilo ngapi, fundi siku ngapi. Bei zitoke dukani Kirumba, msikadirie.

Nasoma shahada ya uzamili hapa Mwanza, nataka kutafiti joto la maji na samaki. Nani anafadhili?

Nitakwambia ukweli, dada yangu: mwanafunzi wa uzamili ni nadra kupewa fedha ya utafiti mkononi. IDRC, kituo cha Kanada cha utafiti wa maendeleo, kwa mfano, ni mfadhili mkubwa wa utafiti wa tabianchi Afrika, lakini anazungumza na taasisi. Njia ya kawaida ni kujipachika kwenye mradi wa mtu. Nenda kituo cha TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapa Mwanza, uliza ni mradi gani unaendelea na takwimu zipi zimekusanywa lakini hazijachambuliwa. Huwa zipo. Kwa fedha za ndani, fuatilia matangazo ya MTUSATE, mfuko wa sayansi na teknolojia unaosimamiwa na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Ukifika uzamivu, OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea lenye makao Trieste, Italia, linafadhili wanawake kutoka nchi kama yetu wakasome katika nchi nyingine inayoendelea. Na DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, lina ufadhili wa kusoma humu humu Afrika.

Mada yako ina uzito, ila ipunguze. Maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, na kule chini oksijeni inapungua. Swali la “joto na samaki” ni la maisha yako yote. Swali la “oksijeni ya chini katika ghuba ya Mwanza, msimu wa kiangazi na wa masika” ni la miaka miwili. Na takwimu za hali ya hewa ziombe TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, mapema, usisubiri hadi msimamizi wako aanze kukununia.

Kuna jamaa anasema ana fomu za mfuko wa tabianchi, kila kikundi kilipe 150,000 ya usajili. Tulipe?

Msilipe. Mifuko niliyoitaja humu haiuzi fomu.

Andiko letu limekataliwa mara mbili, hawasemi kwa nini. Kikundi cha mazingira, Ukerewe.

Sijaliona, lakini nitakusimulia langu. Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia kikundi cha kisiwa kimoja kuandika mradi wa kupanda miti kando ya ziwa na kuchimba kisima mbali na maji yanayopanda. Kiswahili kilikuwa kitamu, picha zipo, mhuri wa mtendaji upo. Bajeti milioni 38. Ulipokataliwa nililalamika wiki nzima kwamba wafadhili wana watu wao. Kisha mzee mmoja, mhasibu mstaafu, akaniomba karatasi, akachukua kalamu nyekundu. Akapigia mstari semina, posho za semina, chai ya semina, pikipiki na mafuta ya pikipiki. Ikafika milioni 23. Miche na kisima vilikuwa vimebakiwa na 15. Akaniuliza, “Hapa ziwa linahimiliwa na chapati?”

Hesabuni ya kwenu kwa namna hiyo. Kisha tazameni makaratasi. Hati ya usajili iwe hai. Akaunti iwe ya kikundi, si ya mwenyekiti, na watia saini wasiwe mtu na mdogo wake. Mihtasari ya vikao iwe ya vikao vilivyofanyika kweli; mfadhili anayesoma mihtasari kumi yenye mwandiko mmoja na wino mmoja si mtoto. Mchango wenu nao uandikwe: eneo, nguvu kazi, mbao mlizonazo. Mkimwendea Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kabla hamjatuma, atawaonyesha tundu bure. Wengi wanamwendea baada ya kukataliwa.

Nyumba yangu ilimezwa na maji mwaka 2020. Nasikia kuna mfuko wa hasara na madhara. Nitalipwa?

Pole sana, ndugu yangu. Mwaka ule ziwa lilivuka hata rekodi ya 1964, na wengi walihama kama wewe. Mfuko unaousikia ulikubaliwa Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022, na ukazinduliwa Dubai mwaka uliofuata. Benki ya Dunia ndiyo inayoutunza kwa sasa. Lakini haulipi mtu mmoja mmoja, unapitia kwa nchi. Nisingekaa nikiusubiri. Kuna jambo jingine hulipendi kulisikia: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kabla ya kujenga upya, pima hizo mita kutoka pale maji yalipofika, usipime kutoka pale yalipo leo.

Nimepanda miti ekari tatu Misungwi. Hela ya kaboni nadai wapi?

Hapa tunachanganya mambo mawili. Hela ya kaboni ni biashara ya kupunguza hewa ukaa. Wenzako wengi hapo juu wanatafuta hela ya kuhimili athari. Biashara ya kaboni ina kanuni zake za mwaka 2022 na kituo cha taifa cha uratibu kipo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Ekari tatu peke yake hazilipi gharama ya kupimwa. Labda mjiunge kijiji kizima. La sivyo, miti yako ni mirunda, na mirunda Mwanza ina soko. Wauzie wale akina mama wa Igombe.

Sisi vijana tuna mpango wa vizimba vya sato. Tukiuita “mradi wa tabianchi” halmashauri itatupa mkopo haraka?

Hapana. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya watu wenye ulemavu, ni mkopo usio na riba, na mkopo unauliza kitu kimoja tu: mtarudishaje? Mkiuvalisha koti la tabianchi mtaulizwa maswali ambayo hamkujiandaa nayo.

Lakini tabianchi mnayo, mtake msitake. Siku maji yanapojigeuza, ya chini yasiyo na hewa yakapanda juu, sato wote wa kizimba wanaweza kuelea asubuhi moja. Kwa hiyo ndani ya bajeti ya mkopo wekeni kipimo cha oksijeni na cha joto, na msiweke kizimba kwenye kighuba kilichotulia eti kwa sababu ni karibu na nyumbani. Tafuteni kina na mkondo. Waulizeni wazee wanaotega nyavu hapo maji yanajigeuza miezi gani, muandike, na ratiba ya kuvuna ipangwe kabla ya miezi hiyo. Afisa mkopo akiona ukurasa huo atajua mnarudisha.