Jibu: Nikifika Colorado, Amerika, kwa shemeji, nitaweza kuwinda elki mlimani?

Yaya, umeuliza kama ukitoka huku Lubumbashi mwezi wa kumi utaweza kweli kupanda mlima na shemeji yako na rafiki zake kuwinda elki, ule kulungu mkubwa wa kule. Utaweza, mi nilienda na mkubwa wangu na batoto yake babili, lakini anza kutembea sasa. Huku tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, kule tulipanda karibu mita 3,000, siku ya kwanza kichwa kiliuma, pumzi ikakatika sawa mtu amebeba gunia ya makala, basi pumzika siku mbili tatu mbele ya kupanda na kunywa maji mingi.

Karatasi: mtu amezaliwa kuanzia 1949 wanamudai cheti cha kozi ya kuwinda, na leseni juu yake, na kwa msimu wa bunduki lazima uvae rangi ya machungwa au pinki ya kuwaka, hata kofia.

Lakini kazi yenyewe ni nyama. Dume linaweza kupita kilo 300, halibebeki zima. Tulilichuna pale pale, mvuke ukitoka tumboni kwenye baridi, tukakata mapaja, tukatundika kwa mti ndani ya mifuko ya kitambaa ipate hewa, juu ukichelewa kutoa ngozi nyama inaharibika hata kama kuko theluji. Tulishuka mara ine. Usiku mkubwa wangu akakaanga maini na vitunguu, akasonga bukari, ndio ugali, batoto wakalala na viatu.